Kufufua na kupiga rangi gari la zamani Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametokana na Peugeot 404 ya marehemu baba, iliyokaa Magomeni chini ya mwembe miaka kumi na tisa kabla sijaigusa. Kazi ilinichukua miaka sita, Jumamosi kwa Jumamosi. Tangu ianze kutembea, watu wananisimamisha kwenye vituo vya mafuta na kuniuliza mambo yaleyale, nami nimeona niyaandike yakae mahali pamoja.

Kwa nini polepole? Gereji wananiambia wiki mbili linatoka linang'aa.

Litatoka linang'aa, ndiyo. Swali ni litang'aa mpaka lini. Mwaka wa kwanza, kabla sijajua lolote, nililipeleka gari kwenye gereji moja wakalimaliza siku kumi na moja. Nilishangilia. Masika ilipopita, chini ya mlango wa dereva pakatoka malengelenge madogo kama ya mtu aliyeungua na maji ya moto. Nilitoboa moja kwa ukucha, likatoka tone la maji la kahawia. Nilipochimba zaidi nikakuta fila, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, nene kuliko kidole gumba, na ndani yake kipande cha gunia kilichokuwa kimewekwa kuziba tundu. Bati lenyewe halikuwepo tena.

Tatizo la Dar ni hewa. Ina unyevu mwaka mzima na ina chumvi ya bahari, na bati lililo wazi halisubiri. Kuna asubuhi nilikuta alama ya kiganja changu kwenye mlango niliousafisha jioni ya jana: vidole vitano vyote, vimechorwa kwa kutu ya rangi ya machungwa. Jasho la mkono lilitosha. Tangu siku hiyo nina sheria moja tu, na majibu mengi hapa chini yanatoka humo: usifungue bati ambalo hutalifunga leo. Kama una saa sita, safisha kipande cha kumalizika kwa saa nne, kisha saa mbili zilizobaki ni za kukipiga praima, yaani rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe. Ukiifuata sheria hiyo, kazi haiwezi kwenda haraka, na haina haja ya kwenda haraka.

Nianze na gari gani?

Anza na lile ambalo tayari lipo kwenu. Gari la babu, la mjomba, la jirani ambaye anakuuliza kila mwaka kama utalinunua. Kama huna, tafuta gari ambalo vitu vyake vya bodi vimekamilika hata kama injini imekufa. Injini inafunguliwa na kufufuliwa. Nikeli za bampa, vitasa, vioo vya taa na mipira ya vioo ndivyo vitakavyokusumbua miaka.

Volkswagen ya mgongo wa mviringo ina faida yake: ziliundwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, kwa hiyo vipuri vyake bado vinatengenezwa. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, nayo haishiki kutu kama chuma, ila usidanganyike: fremu yake ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu inaliwa na kuwa unga mweupe.

Mimi ni mtu wa Pijo, yaani Peugeot, siwezi kujifanya sina upande. 404 ilitoka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki nayo miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell kiti cha pembeni. Wazee wa rika la baba wakiiona yangu barabarani, jina hilo ndilo wanalotaja kwanza, kabla hata ya kusalimia.

Nikague wapi kabla ya kutoa hela?

Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, kisha ipitishe taratibu sehemu za chini za gari: vizingiti vya chini ya milango, pembe za chini za milango, kingo za madigadi, sakafu ya buti. Inaposhika kwa nguvu kuna chuma. Inapoteleza na kuanguka kuna fila.

Kisha inua mazulia. Bonyeza sakafu kwa bisibisi, hasa pembeni ambako maji ya mvua hutulia. Kwenye Volkswagen inua kiti cha nyuma uone pale betri inapokaa, maana asidi yake imekula sakafu za magari mengi. Magari mengi yasiyo na fremu hutegemea vizingiti na sakafu kwa uimara wake, kwa hiyo tundu la pale ni uti wa mgongo uliopasuka. Fungua milango yote kwa wakati mmoja uone kama nafasi kati ya mlango na nguzo inabadilika. Ikibadilika, gari limelegea kiuno, na muuzaji apunguze bei au mwachie.

Usisahau kadi ya gari. Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye bati na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Nianze na injini au na rangi?

Breki, kisha injini, kisha umeme, kisha bati, na rangi mwisho. Ukipiga rangi kwanza, fundi wa injini atapanda na mkanda wa suruali juu ya madigadi yako mapya. Na gari linalotembea, hata kwa kuzunguka uwanja tu, hukupa moyo wa kuendelea. Yangu ilivuma kwa mara ya kwanza mwaka wa pili. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni bila kusema neno. Niliishi na ile sauti mpaka rangi ilipokamilika.

Ukifungua breki za zamani, usizipulize vumbi kwa kompresa. Viatu vya breki vya miaka ile vingi vilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kisha kitupe kikiwa bado kimelowa.

Kutu naitoa vipi hasa?

Inategemea imefika wapi.

Ile ya juu juu, ambayo bati lake bado gumu, itoe kwa brashi ya waya au msasa namba 80, ukimaliza na 120 au 180. Usikandamize grainda mahali pamoja. Bati la gari lina unene wa karibu milimita moja tu, likipata joto linavimba na halirudi.

Vitu vidogo kama bawaba, nati na mabano, vitumbukize kwenye siki usiku kucha. Asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani, kisha suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa asidi, kausha palepale juani, paka praima. Usipovisuuza kwa magadi, mpaka saa sita mchana vitakuwa vimerudia rangi ya kutu mbele ya macho yako.

Vile vishimo vyeusi vilivyoingia ndani ya bati na havifikiwi na msasa vinatibiwa kwa dawa ya asidi ya fosforasi. Inaigeuza kutu kuwa ganda jeusi lisiloendelea. Lakini zingatia hili, maana limeharibu kazi za wengi: praima ya epoksi, ambayo nitaieleza hapo chini, haipatani na mabaki ya asidi. Suuza vizuri, kausha, ndipo upake.

Bati lililotoboka halina dawa, linakatwa. Kata mpaka ufike kwenye chuma safi kinacholia vizuri ukikigonga, hata kama tundu litakuwa kubwa mara tatu ya ulilokuwa ukiliona. Nunua bati la geji 20, tengeneza kiraka kwanza kwa karatasi ngumu ya boksi, kisha kihamishie kwenye bati. Mchomeleaji wa mageti wa mtaani ni fundi mzuri kwa mageti, ila moto wa fimbo zake ni mkali mno kwa bati la gari. Tafuta anayechomelea kwa gesi au kwa mashine ya waya, na mwombe aweke vidoto huku na huku kwa kupokezana, asivute mstari mmoja mrefu. Kabla hajawasha moto, tanki la mafuta litoke kabisa kwenye gari, betri ifunguliwe, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke.

Kwa nini epoksi? Praima ya kawaida ya kijivu ni rahisi zaidi.

Hili ndilo swali ninalotamani watu waniulize mapema, na mara nyingi huja likiwa limechelewa. Praima ya kijivu ya kujazia ina vinyweleo. Inanyonya maji. Gereji inayopiga rangi kesho yake haidhuriki, lakini wewe unayefanya kazi ya miaka utaliacha gari kwenye praima miezi mingi, na unyevu utapita taratibu mpaka kwenye bati. Siku unapiga rangi, kutu iko chini tayari.

Epoksi inafunga. Inachanganywa na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, inang'ang'ania bati tupu, na ikikauka maji hayapiti. Mlango wangu wa nyuma ulikaa na epoksi peke yake miezi kumi na minne, masika nzima ikiwemo, na nilipoukwaruza kuuangalia, bati lilikuwa jeupe kama siku ile. Ukirudi baada ya muda mrefu, usipake juu yake moja kwa moja. Piga msasa kwanza ili kinachofuata kipate pa kushika.

Fila ni mbaya?

Fila haina kosa. Kosa ni kuitumia badala ya bati. Mbonyeo unyooshwe kwa nyundo na kizuizi, kipande cha chuma kinachoshikiliwa nyuma ya bati, mpaka ubaki mdogo, kisha fila ijaze milimita moja au mbili. Ipake juu ya epoksi, usipake juu ya bati tupu, kwa sababu fila nayo inanyonya maji. Sugua kwa ubao mrefu ulioviringishiwa msasa. Kiganja kinafuata mabonde na kuyaacha palepale.

Macho yako yatakuambia imenyooka kabla haijanyooka. Puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, kisha sugua. Palipobaki peusi ni bonde. Au funga macho, vaa soksi nyembamba mkononi, pitisha kiganja: ngozi huhisi kisichoonekana.

Nitapata wapi mafundi na spea?

Mitaa ya Gerezani na Kariakoo kwa miguu, asubuhi, ukiwa na kipuri kibovu mkononi. Usieleze kwa maneno, onyesha. Mara nyingi mwenye duka atasema hana, kisha mzee aliyekaa kwenye benchi nje atasema anamjua mtu. Mzee huyo ndiye unayemtafuta. Mnunulie kahawa.

Na fundi bodi, mpatane kwa kipande. Mpe mlango mmoja, uone, mlipe, ndipo umpe wa pili. Malipo ya kazi nzima kwa mkupuo yanamfanya akukimbilie leo na akukimbie kesho. Mweleze wazi: "Fundi, nataka nione bati kabla hujaweka fila." Fundi mzuri hakasiriki. Wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, alianza kunipigia mwenyewe: "Mwanangu, njoo uone kabla sijafunika." Aliniambia hakuna mteja aliyewahi kuomba kuona.

Rangi yangu ya asili nitaijua vipi?

Usitazame boneti, jua la Dar limeipausha. Fungua sehemu ambazo jua halijawahi kufika: nyuma ya dashibodi, chini ya mpira wa buti, chini ya bamba la taa ya nyuma. Safisha kwa polishi kidogo, peleka kipande hicho kwa wachanganya rangi. Wakikuchanganyia, waambie wapulize kwanza kwenye kipande cha bati, kisha kiweke karibu na rangi ya zamani nje, asubuhi na tena alasiri. Chini ya taa ya dukani rangi mbili tofauti zinaweza kufanana kabisa.

Kwa gari la ukubwa wa 404, pamoja na ndani ya milango na buti, nilitumia karibu lita 4 za rangi kabla ya kuongeza tina, yaani kiyeyushi cha kuilainisha. Nunua yote siku moja, uichanganye pamoja kwenye ndoo moja, maana kopo la mwezi ujao halitafanana.

Magari mengi ya miaka ya sitini yalikuwa na rangi tupu, zisizo na chembechembe za kumeta. Hiyo ni bahati yako. Rangi tupu unaweza kuipiga kipande kwa kipande: leo boneti, wiki ijayo mlango. Ya kumeta lazima ipigwe gari zima kwa mkupuo, la sivyo kila mlango utakuwa na kivuli chake. Na umeme ukikatika katikati ya boneti, umepoteza boneti moja tu.

Nipige rangi mwezi gani, saa ngapi?

Juni hadi Agosti. Masika imeisha, joto limepungua, hewa ni kavu kuliko miezi mingine. Desemba hadi Februari joto hukausha rangi ikiwa bado hewani, inatua kama unga na kuacha uso wa ganda la chungwa. Machi hadi Mei usiguse bunduki ya rangi kabisa. Tumia miezi hiyo kushona viti.

Kwa siku, anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, maliza mapema kabla upepo wa baharini haujashika kasi na kukuletea vumbi la mtaa mzima. Jioni usijaribu. Unyevu unarudi, na wadudu wanafuata taa. Gari liwe kivulini, bati likiguswa lisiwe la moto.

Uliza dukani tina inayokauka taratibu, ya nchi za joto. Ile ya bei rahisi hukauka upesi mno, inapoza uso wa rangi ghafla, unyevu unatua juu yake na rangi inageuka kuwa na ukungu mweupe.

Kisha maji ya kwenye kompresa. Hewa yetu ikibanwa inatoa maji, na matone yake yakifika kwenye bunduki yanaacha vishimo vya mviringo kwenye rangi. Funga chujio la maji mwishoni mwa bomba na ufungue koki ya chini ya tanki kila baada ya nusu saa. Mara ya kwanza nilipoifungua yangu baada ya kazi ya asubuhi moja yalitoka maji nusu glasi, ya kahawia.

Sina chumba cha kupulizia, nina uwanja tu.

Nami nilikuwa na uwanja tu. Nguzo sita za mirunda, turubai juu, na pande zote chandarua kilichofungwa mara mbili. Chandarua kinapitisha hewa na kuzuia wadudu na majani. Mwagia ardhi maji kabla ya kuanza ili vumbi lilale. Oga, vaa nguo isiyotoa nyuzi. Usipulize dawa yoyote ya kung'arisha dashibodi au matairi karibu na hapo, hata wiki moja kabla. Silikoni yake ndiyo adui mkubwa wa rangi.

Bunduki iwe umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpigo ulalie nusu ya uliotangulia, na mkono uende sambamba na bati bila kuchora upinde.

Barakoa ya kawaida inatosha?

Haitoshi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Hadina ya rangi za kisasa zenye vitu viwili ina isosianeti. Inaharibu mapafu, na mtu akishapata pumu yake, harufu kidogo tu inaweza kumziba pumzi maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii hata kidogo. Kinachotakiwa ni kifuniko cha uso kinachopokea hewa safi kwa bomba kutoka mbali. Kama huna, mpe kazi ya kupuliza fundi mwenye vifaa, wewe ubaki na maandalizi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Watoto na majirani wawe mbali.

Na rangi ya zamani unapoisugua, isugue ikiwa imelowa. Nyingi za wakati ule zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bati likianza kuonekana, acha maji, kausha, paka epoksi siku hiyohiyo.

Nikibadilisha rangi kuna kibali?

Rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na usajili uko TRA. Ukibadilisha, kadi nayo ibadilishwe, kabla trafiki hajakuonyesha tofauti mwenyewe. Ukirudisha rangi ileile, huna la kufanya.

Rangi imechuruzika. Nifute?

Usiguse. Subiri ikauke kabisa, siku kadhaa, kisha isugue kwa msasa wa maji namba 1000 na kibao kidogo, halafu 1500, 2000, na polishi. Rangi mbichi ukiifuta unaifikisha mpaka kwenye praima.

Nikimaliza nilifunike kwa turubai?

Turubai la plastiki hapana. Unyevu unapanda kutoka ardhini usiku, unagota kwenye plastiki na kudondokea gari lako. Bora kivuli chenye paa na pande wazi. Kama ulipita ufukweni, suuza chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo, na hakikisha vitundu vya kutolea maji chini ya milango havijaziba; mimi navizibua kwa kijiti cha ufagio kila mwezi.

Chagua mti kwa makini. Mwembe unadondosha utomvu, mkungu unaacha madoa, na kwenye miti yote miwili wamo kunguru. Kinyesi chao kikikaa juani siku moja kinachora rangi. Weka ndoo ya maji na kitambaa laini mlangoni, na asubuhi ukitoka, kabla ya chai, zunguka gari mara moja.